Sindano Iliyotiwa Lakiri

Sehemu ya tano

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia sabuni, si neno. Nitakukumbusha tulipoishia, halafu tusonge, maana huko mbele ndiko kwenye uchafu wenyewe.

Mimi ni mjane. Ni mhudumu wa ofisi katika shule ya msingi: nafagia, nachemsha chai ya walimu, nasambaza barua, nashika funguo za milango yote isipokuwa ule wa kabati moja. Mlinisoma nikifiwa. Mkanisoma nikitolewa nyumbani kwa marehemu na ndugu zake, mabati yakihesabiwa nami nimo ndani. Mkanisoma nikipata kazi hii, mkadhani mikosi imechoka kunifuata. Na mimi nilidhani hivyo hivyo.

Wiki jana binti wa darasa la nne, mtoto wa fundi cherehani, alimegewa biskuti na mwenzake. Ndani mlikuwa na karanga. Mtoto huyo ana mzio wa karanga. Zikimgusa ulimi tu, koo linavimba na pumzi inakata. Dawa yake ilikuwepo shuleni, sindano yenye umbo la kalamu nene. Mama yake aliileta mwenyewe mwanzo wa muhula.

Ilikuwepo, naam. Ndani ya kabati la mitihani.

Nisikilizeni hapa, maana hata mimi niliyekuwepo huwa najiuliza kama nilikuwepo. Siku mama huyo, Fundi, alipoileta, Mwalimu Mkuu aliiangalia kama aliyeletewa nyoka kwenye kikapu. Akampigia simu Wakili wa shule. Wakili akasema dawa ihifadhiwe kwa utaratibu unaotambulika. Na shuleni kwetu utaratibu unaotambulika ni mmoja tu, ule wa karatasi za mitihani.

Basi dawa ya mtoto ikatiwa kwenye bahasha ya kaki. Ikamiminiwa lakiri nyekundu, ile nta ngumu ya kufungia bahasha za siri. Mwenyekiti wa bodi, Mwalimu Mkuu na Wakili wakatia sahihi juu ya mdomo wa bahasha, na sharti likaandikwa: isifunguliwe ila wote watatu wawepo.

Kana kwamba mtoto akiishiwa pumzi atakaa wima, akunje mikono, asubiri msimamizi aseme "anzeni".

Siku ya siku, Wakili alikuwa mahakamani na Mwenyekiti alikuwa shambani kwake, simu haishiki. Mtoto yuko kwenye benchi la ofisi, midomo imebadilika rangi, na Mwalimu Mkuu anazunguka meza akisema, "Tumpate walau mmoja, tuwe wawili." Nikachukua chuma cha kugongea kengele, nikavunja kitasa cha kabati, nikachana bahasha, nikamchoma mtoto pajani kama mama yake alivyokuwa amenionyesha.

Hapo ndipo nilipowaacha.

Mtoto alipumua. Mshukuruni Mungu, mimi nilimshukuru pale pale sakafuni, magoti juu ya vipande vya lakiri.

Kesho yake asubuhi niliitwa ofisini kabla sijamaliza kufagia varanda.

Nikawakuta watatu wamejipanga nyuma ya meza niliyoifuta mimi. Mwalimu Mkuu kakaza tai mpaka shingo imetoa mikunjo. Mwenyekiti kajaza kiti. Wakili kaweka mkoba wake mbele yake kama ngao.

Nitasema ukweli wote, hata wa aibu. Nilidhani wameniita kunishukuru. Nilirekebisha kitambaa changu cha kichwa.

"Mama," Mwalimu Mkuu akaanza, "umeona karatasi ngapi?"

"Karatasi gani?"

"Za mitihani. Kabati ulilolivunja lina mitihani ya kufunga muhula, madarasa yote."

"Mimi niliona bahasha ya dawa. Mtoto anaendeleaje?"

Wakatazamana.

"Hapa tunaouliza ni sisi," Wakili akasema.

"Naona. Lakini kuna aliyekwenda kumwona hospitali?"

Mwenyekiti akakohoa. Mwenyekiti akiulizwa asilolipenda hukohoa. Kuna mikutano ya wazazi ameiendesha kwa kikohozi kitupu, kuanzia kufungua mpaka kufunga.

"Sasa, Mama, wewe umesoma mpaka wapi?" Wakili akaniuliza, kwa sauti ile wanayotumia watu kumbembeleza mbuzi aingie bandani.

"Darasa la saba."

"Basi nitakurahisishia. Ukimpa mtoto dawa akafa, shule imemuua. Usipompa akafa, maradhi yamemuua. Mbele ya sheria hayo ni mambo mawili mbalimbali kabisa."

"Na mbele ya mama yake?"

Akasogeza mkoba wake.

"Na mbele ya Mungu?"

"Mungu hajashtakiwa hapa, Mama."

"Najua. Hakimu huwa hashtakiwi."

Mwalimu Mkuu akanikodolea macho. Mimi nikatazama sakafu, nikaona pembeni pana vumbi nililoliruka. Darasa la saba langu lilikuwa limeshamaliza hesabu: kwa Wakili huyu, mtoto aliyekufa bila kuguswa ni nafuu kuliko mtoto aliyepona kwa kuguswa. Na watu walimlipia masomo ili ajue hivyo.

Akafungua mkoba, akatoa karatasi mbili. Ya kwanza akaisoma kwa sauti.

"'Mimi, mhudumu wa ofisi, natamka kwamba uongozi wa shule haujapata kukabidhiwa dawa yoyote ya mwanafunzi huyu. Sindano niliyotumia nilipewa na mama wa mtoto kwa siri, nikaiweka ndani ya mkoba wangu.' Unatia sahihi hapa."

"Na kabati nililivunja kutafuta nini? Sukari?"

"Kabati halimo kwenye karatasi hii. Ukitia sahihi, kabati halijavunjwa. Kitasa kilikuwa kibovu, ataitwa fundi."

"Nisipotia?"

Akaigusa ya pili kwa kidole. "Hii inakwenda polisi. Kuvunja hifadhi ya mitihani ni kesi, Mama. Wapo waliofungwa."

"Bahasha ya dawa ina sahihi zenu tatu," nikasema. "Na lakiri juu yake."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Wakili akatabasamu.

"Iko wapi?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipokumbuka.

Jana yake, mtoto alipobebwa kwenye gari la mwalimu wa michezo kwenda hospitali, ofisi ilibaki imetapakaa. Vipande vya lakiri, bahasha iliyochanika, kifuniko cha sindano. Nami nilikuwa natetemeka mwili mzima, na mtu akitetemeka hutafuta jambo analolijua. Mimi najua kufagia. Nikafagia. Nikazoa kila kitu, nikapeleka shimoni, nikawasha kiberiti, nikasimama kando mpaka moto umekwisha, kama ninavyofanya kila siku.

Miaka kumi na moja nimeifundisha mikono hii isiache takataka mbele ya wakubwa. Ikanitii siku pekee niliyohitaji iwe mivivu.

"Bahasha gani, Mama?" Wakili akarudia, taratibu. "Ilete tuione."

Nikatazama mikono yangu.

"Mpaka saa nane mchana," akasema. "Nenda kafikiri."

Nilikwenda hospitali. Mtu wa kwanza kutoka shule ile kwenda kumjulia mtoto hali alikuwa mfagiaji, na alikwenda kwa miguu.

Mtoto alikuwa amekaa kitandani, uso bado mnene kidogo machoni, anachora nyumba nyuma ya karatasi ya dawa. Fundi alikuwa pembeni, utepe wa kupimia nguo ungali shingoni. Alikuwa ametoka kwenye cherehani jana mbio, hajakumbuka kuuvua.

"Bibi," mtoto akasema, "jana mkono wako ulikuwa unatetemeka."

"Kweli?"

"Halafu ukafumba macho. Mtu anapigaje sindano kafumba macho?"

"Nilikuwa nasali."

"Si ungesali kwanza, ndiyo unichome?"

"Ungekuwa na pumzi ya kunisubiri, ningefanya hivyo."

Akacheka, akarudi kwenye nyumba yake. Mama yake hakucheka.

"Mama, daktari kanisema mbele ya wodi nzima," akaniambia kwa sauti ya chini. "'Mama gani wewe unamtoa mtoto nyumbani bila dawa yake?' Nikamwambia dawa niliipeleka shuleni kwa mikono yangu. Akasema shule wamempigia simu, hawajapata kuiona."

"Wamepiga lini?"

"Jana. Nafika hapa natweta, wao walishapiga."

Kumbe namba ya hospitali wanayo. Kumbe simu zao zinashika.

"Kesho anakuja afisa wa ustawi wa jamii," akaendelea. "Ataandika kwamba simtunzi mtoto. Ikishaandikwa hivyo, Mama, itanifuata kila shule nitakayompeleka. Watasema huyu ndiye yule. Nani atakubali kumtunzia sindano ya pili?"

Nilitafuta pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye utepe wake.

"Mwanangu," nikasema, "kipo kitu sijakwambia. Siku ile walipoipiga lakiri bahasha, mshumaa niliushika mimi."

Hakunielewa mara moja.

"Lakiri huyeyushwa kwa moto. Waliniita niwashikie mshumaa. Nikaushika mpaka wakamaliza."

"Uliona kwamba ni upumbavu?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa na kazi."

"Mimi nilikuwa na mtoto," akasema.

Hakupandisha sauti. Aliuvua utepe shingoni, akaukunja taratibu, akauweka mapajani. Nikamweleza habari za karatasi mbili na saa nane. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakuniomba kitu. Angeniomba, ningepata pa kukasirikia. Aliniuliza moja tu:

"Utaandika nini?"

Nikamgusa mtoto kichwani. Nikaondoka.

Nilipita nyumbani ninawe uso, nisali. Wifi alikuwa kajinyoosha mkekani. Huyu ni mdogo wake wa mwisho marehemu mume wangu. Ndugu zake waliponitoa nyumbani, yeye alinionea huruma akanifuata na godoro lake, na huruma hiyo haijaisha mpaka leo, wala godoro halijaondoka.

Nikamsimulia.

"Tia sahihi, wifi yangu," akasema bila kuinuka. "Karatasi ni karatasi."

"Ni uongo."

"Uongo ni wao. Wewe unashika kalamu tu."

"Nilishawashikia mshumaa."

"Ah! Wewe nawe na mambo yako ya ibada. Huyo Mungu wako atakuletea unga?"

"Ameniletea mpaka leo, na wewe unaula."

Hapo akainuka, akakaa. "Haya, wakikufunga, mimi nitakula wapi?"

"Hilo ni swali zuri, wifi. Anza kulifikiria."

Nikatandika kanga nikasali. Sitadanganya kwamba nilisikia sauti. Nilichosikia ni wifi akilaumu ukoo mzima kwa kumwoza kaka yake kwa mwanamke mbishi. Lakini nilipoinuka, nilijua nitakachoandika.

Saa nane kasoro nilikuwa mlangoni. Watatu wale wale, viti vile vile. Wamekunywa chai wakati sipo, na vikombe wameviacha vinanisubiri.

"Umefikiri, Mama?" Mwalimu Mkuu akauliza. Jasho jembamba lilimtoka puani.

"Nimefikiri. Nipe niisome mwenyewe."

"Si nilikusomea?" Wakili akasema.

"Ulinisomea. Macho ninayo pia."

Nikaisoma karatasi ya kwanza kwa kidole, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Wakili alitazama saa yake mara mbili. Nilipofika mwisho akanisogezea kalamu yake, nzito, ya kung'aa.

Nikaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe. Nikaandika, kwa herufi zangu za duara za darasani:

"Dawa ililetwa na mama wa mtoto mwanzo wa muhula. Mwenyekiti alitia sahihi ya kwanza kwenye bahasha, Mwalimu Mkuu ya pili, Wakili ya tatu. Mimi nilishika mshumaa. Bahasha nimeichoma nikidhani ni takataka. Kabati nimelivunja mimi. Mtoto yu hai."

Nikatia sahihi yangu. Nikamrudishia kalamu yake, na kifuniko chake nimekirudisha.

Wakili akasoma. Nilimtazama usoni nikingoja akunje ndita. Badala yake akacheka, akapiga meza kwa kiganja.

"Asante sana, Mama! Mimi nilitaka sahihi, wewe umenipa na maelezo! Kabati umevunja wewe. Ushahidi umechoma wewe. Dawa umeshiriki kuifungia. Yote kwa mwandiko wako." Akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Huyu tumemaliza naye. Shule imetoka."

Na kweli, alikuwa sawa. Nilikwenda kusema kweli, nikajikuta nimewafumia kamba ya kunifunga.

Lakini Mwenyekiti alikuwa amenyoosha mkono, ameichukua karatasi. Akaisoma, midomo inacheza. Akaisoma tena.

"Kwa nini mimi ni wa kwanza?"

"Wapi?" Wakili akauliza.

"Hapa. 'Mwenyekiti alitia sahihi ya kwanza.' Kwa nini jina langu linaongoza?"

"Kwa sababu ulitangulia kusaini, mzee," nikamwambia. "Ulisema wengine wafuate nyuma yako."

Akakohoa. Safari hii kikohozi hakikumsaidia, kilikatika katikati.

"Mimi nilisaini kwa sababu Wakili alisema!"

"Nilisema utaratibu," Wakili akajibu. "Mimi sikutaja lakiri. Lakiri ni mambo ya Mwalimu Mkuu."

"Ati nini?" Mwalimu Mkuu akaruka, tai imepinda. "Wewe si ndiye uliyesema 'utaratibu unaotambulika'? Shule hii inatambua utaratibu gani mwingine?"

"Ungeweka kwenye droo!"

"Kwenye droo! Halafu mtoto akadhurika ukasema sikuihifadhi!"

"Kwa hiyo nikamatwe mimi?" Mwenyekiti anauliza, anapunga karatasi. "Mimi na uzee wangu huu? Mimi dawa yenyewe sijaiona, nilionyeshwa mahali pa kusaini tu!"

Nilisimama pale nimekunja mikono. Wasomi watatu, miwani miwili na tai moja, wanatupiana bahasha kama watoto wanaotupiana kosa la kuvunja chungu. Hakuna aliyetaja jina la mtoto. Hata mara moja.

"Nyamazeni!" Wakili akapiga kelele, uso umemwiva. "Nyamazeni nyote! Mnaogopa nini? Bahasha haipo!"

"Bahasha ipi hiyo haipo?"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa afande, mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, daftari mkononi. Nyuma yake askari mwingine kashika mlango.

Mwalimu Mkuu akawa kama aliyemeza mfupa. Hapo ndipo nilipojua kwamba alishawaita polisi mapema, kabla sijajibu chochote. Alitaka waniogopeshe nikichelewa kutia sahihi. Mtu mwoga huwahi kila mahali isipokuwa kwenye kitanda cha mgonjwa.

"Nimeambiwa kuna wizi wa mitihani," afande akasema. "Nakuta mnapigia kelele bahasha. Bahasha gani?"

Mwenyekiti akajaribu kukunja karatasi aitie mfukoni. Afande akanyoosha mkono tu, hakusema neno. Mwenyekiti akampa.

Akasoma kwa kusimama. Alipofika mwisho akainua macho.

"Aliyefungia dawa ya mtoto kwenye kabati la mitihani ni nani?"

Vidole vitatu vikatoka kwa mpigo. Cha Mwenyekiti kilimwelekea Wakili. Cha Mwalimu Mkuu kilimwelekea Wakili. Cha Wakili kilinielekea mimi.

Afande akavitazama vyote, kimoja kimoja, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, Mama? Wewe unamnyooshea nani?"

"Kabati nimelivunja mimi, afande," nikasema. "Andika hilo kwanza. Halafu ufungue ukurasa mwingine, maana yanayofuata ni marefu."

Akaandika la kwanza. Akafunga daftari.

Akatoa pingu. Za mikono ya nani, tuonane wiki ijayo.